Kabla ya Kusakinisha Programu Nyingine ya Ulinzi

Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024, kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 ziligoma kuwaka. Safari za ndege zilifutwa, hospitali ziliahirisha huduma, benki zilishindwa kuhudumia wateja. Wengi walidhani ni shambulio la wadukuzi. Kumbe kilichoziangusha ni programu ya ulinzi ya kampuni ya CrowdStrike, ambayo mashirika makubwa huilipia fedha nyingi ili kompyuta zao zisiangushwe.

Chanzo kilikuwa faili dogo la masasisho. Sehemu ya programu hiyo, iitwayo Falcon, huendeshwa ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ambako kosa moja haliifungi programu husika tu bali huuangusha mfumo mzima. Masasisho yale yalitaka taarifa 21 wakati programu ilikuwa imeandaa 20. Ilipokwenda kuisoma ya 21, ikagusa memori isiyo yake, na skrini ya buluu ikatokea. Kampuni iliondoa faili hilo baada ya dakika 78. Lakini kompyuta isiyowaka haiwezi kupokea marekebisho, hivyo mafundi walilazimika kuziendea moja moja, kuziwasha katika hali salama na kulifuta faili kwa mkono. Penye diski zilizofungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba diski nzima, walihitaji kwanza ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48, na wapo waliokuwa wameutunza kwenye seva ambazo nazo zilikuwa zimelala.

Sina nia ya kuisimanga CrowdStrike, kwani washindani wake wengi hufanya kazi kwa mtindo uleule. Ninachotaka tukitazame ni mamlaka. Swali ambalo watumiaji na wasimamizi wa mifumo huuliza mara kwa mara ni "nisakinishe programu gani?", na majibu hayakosekani: kumi bora za mwaka, ishirini za lazima, tano za bure zinazozishinda za kulipia. Kwa maoni yangu swali hilo limeanzia pabaya. Programu ya ulinzi husoma kila faili, huchungulia kila muunganisho, hujisasisha usiku bila kumwomba mtu ruhusa. Ukiongeza nyingine umeongeza mlinzi, ni kweli, na hapohapo umegawa ufunguo mwingine wa nyumba. Yafaa kuuliza kwanza: inapewa mamlaka gani, nani anaisasisha, na siku ikifa kimyakimya nitajuaje?

Chukua mfano wa CCleaner. Kwa miaka mingi ilikuwa miongoni mwa programu za kwanza ambazo mafundi huweka kwenye kompyuta ya mteja. Mwaka 2017 wadukuzi walipenya kwenye mifumo ya kampuni iliyoitengeneza na kupachika programu hasidi ndani ya toleo la 5.33. Toleo hilo lilipakuliwa kutoka tovuti halali likiwa na sahihi halali ya kidijitali, na lilikaa hapo takriban mwezi mmoja, kuanzia katikati ya Agosti. Kompyuta milioni 2.27 zililipata. Wadukuzi walichuja orodha hiyo na kupeleka hatua ya pili ya shambulio kwenye kompyuta 40 hivi tu, zilizokuwa ndani ya kampuni kubwa za teknolojia na mawasiliano. Waliobaki walikuwa daraja. Na wote hao walijiweka hatarini kwa faida gani? Kusafisha rejista ya Windows, yaani hifadhi ya mipangilio yake, kazi ambayo Microsoft yenyewe haishauri ifanywe kwa programu za namna hiyo. Kompyuta ambayo CCleaner haikuwahi kuingia haikuhitaji ulinzi wowote dhidi ya shambulio lile.

Wasimamizi wa mifumo walipata somo kali zaidi Julai 2021. Kaseya VSA ni programu ya kusimamia kompyuta za wateja kutoka mbali: kusukuma masasisho, kuendesha skripti, kurekebisha hitilafu. Kundi la wahalifu liitwalo REvil lilipata udhaifu ndani yake na kuitumia kufanya kilekile ilichoundwa kufanya, yaani kupeleka programu kwa kompyuta nyingi kwa mkupuo mmoja, ila safari hii ilikuwa programu ya kufunga mafaili na kudai fidia. Biashara kati ya 800 na 1,500 ziliathirika, nyingi zikiwa hazijawahi hata kulisikia jina la Kaseya. Waliokuwa wakiitumia ni mafundi walioajiriwa kuzihudumia.

Hapa ndipo ninapozigawa zana katika makundi mawili. Zipo zinazoahidi: nisakinishe, nitakulinda, lala. Na zipo zinazoonyesha: haya ndiyo yanayotendeka kwenye mashine yako, amua mwenyewe. Soko linatangaza kundi la kwanza kwa sababu ndilo linalouzika. Mimi nalithamini zaidi la pili. Mengi yaliyomo humo ni ya bure, huendeshwa pale unapoyahitaji na kuzimwa, na hayahitaji kuishi ndani ya kerneli usiku na mchana.

Oktoba 2005, Mark Russinovich, mmoja wa waanzilishi wa zana za Sysinternals, alikuwa akijaribu programu yake ya RootkitRevealer kwenye kompyuta yake mwenyewe. Ikamwonyesha mafaili yaliyojificha. Alipofuatilia aligundua yametoka kwenye CD ya muziki ya Sony BMG aliyoinunua kihalali: kampuni ilikuwa imeweka programu ya kuzuia kunakili ambayo ilijificha ndani ya Windows kwa mbinu za wadukuzi. CD hizo zilikuwa zimeshasambaa sokoni, na antivairasi zilizokuwa kwenye mashine za wanunuzi hazikuwa zimepiga kelele. Mwaka uliofuata Microsoft iliinunua kampuni ya Russinovich, na zana zile bado zinatolewa bure.

Kati yake, Autoruns ndiyo ningempa mtu kama ningeruhusiwa kumpa moja tu. Inaorodhesha kila kitu kinachojiwasha pamoja na Windows: huduma, kazi zilizopangwa, viendeshi, viendelezi. Ifungue kwa haki za msimamizi, kisha kwenye menyu ya Options weka alama kwenye Hide Microsoft Entries, na kwenye Scan Options chagua kuthibitisha sahihi na kukagua VirusTotal, tovuti inayopima faili kwa antivairasi nyingi. Orodha ya mamia ya mistari inapungua hadi michache ambayo mtu anaweza kuisoma huku akinywa chai. Mstari wa njano maana yake faili linalotajwa halipo tena; mara nyingi ni mabaki ya programu iliyoondolewa. Wa waridi ni faili lisilo na taarifa za mchapishaji au ambalo sahihi yake haikuthibitika. Si lazima liwe ovu, maana waandishi wengi wa programu ndogo hawalipii vyeti vya sahihi, lakini hapo ndipo pa kuanza kuuliza. Ukitilia shaka mstari, usiufute. Ondoa alama ya tiki, washa upya kompyuta, angalia kilichobadilika; ukiwa umekosea, tiki inarudishwa na mambo yanaendelea. Kuhusu VirusTotal, kuna tahadhari ambayo watu huiruka: Autoruns kwa kawaida hutuma alama ya faili tu (mfuatano wa herufi unaokokotolewa kutoka kwenye faili), si faili lenyewe, lakini ukipakia faili zima kwenye tovuti ile, wateja wake wa kulipia wanaweza kulipakua. Mkataba wa kazi unaoutilia shaka usiupeleke huko.

Kwenye seva za Linux, amri ninayoipa uzito huohuo ni `ss -tulpn`. Inakuonyesha kila huduma inayosikiliza, kwenye poti ipi (yaani mlango upi wa mtandao), na ni programu ipi inayoiendesha. Tofauti kubwa ya kiusalama inakaa kwenye safu moja. Ukiona `127.0.0.1:3306`, hifadhidata ya MySQL inasikiliza mashine yenyewe tu. Ukiona `0.0.0.0:3306`, inamsikiliza yeyote anayeweza kuifikia seva hiyo. Mwanzoni mwa 2017 makumi ya maelfu ya hifadhidata za MongoDB zilizoachwa wazi kwenye intaneti bila nywila zilifutwa na wahalifu, wakaacha ujumbe wa kudai bitkoini. Hapakuhitajika ujanja wowote wa kuvunja kitu. Toleo la 3.6 la MongoDB lilipotoka baadaye mwaka huohuo, mpangilio wa awali ulikuwa ni kuisikiliza mashine yenyewe tu.

Usiishie kutazama ukiwa ndani ya seva, kwa sababu unachodhani umekifunga huenda kiko wazi. Mfano unaowanasa hata wazoefu ni Docker, programu ya kuendesha huduma ndani ya visanduku viitwavyo kontena: ukitangaza poti ya kontena, Docker huandika kanuni zake moja kwa moja kwenye iptables, ukuta wa moto wa Linux, na kanuni ulizoziweka kwa ufw, zana rahisi ya kuusimamia ukuta huo, haziizuii. Ukiuliza `ufw status` utajibiwa kwamba poti imefungwa, na mtu aliye nje anaingia kama kawaida. Dawa ni kutangaza poti kwenye 127.0.0.1 pekee, kisha kupima kutoka mtandao mwingine kwa Nmap, zana ya kutafuta poti zilizo wazi ambayo Gordon Lyon aliitoa 1997 na hadi leo haijapata mshindani wa maana. Pima mitandao yako tu; kupima ya wengine bila idhini kunaweza kukuletea kesi.

Kisa kinachoonyesha vizuri thamani ya macho ya mtu ni kile cha xz, Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waendelezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwa SSH, njia ya kuifikia mashine kutoka mbali, kwenye mashine yake ya majaribio kunachelewa kwa nusu sekunde hivi na kunakula prosesa kuliko kawaida. Mtu mwingine angepuuza. Yeye alifuatilia hadi akakuta mlango wa nyuma ndani ya xz, programu ndogo ya kubana data iliyomo karibu kila Linux, katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1. Aliyeupachika, aliyejiita Jia Tan, alikuwa amejitolea kwenye mradi kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa kutoa matoleo, huku mwenye mradi akiwa mtu mmoja aliyelemewa na kazi. Uligunduliwa ukiwa umefika tu kwenye matoleo ya majaribio ya Debian, Fedora na mengineyo. Sahihi zote zilikuwa sawa. Aliyeukamata ni mtu aliyeijua hali ya kawaida ya mashine yake, na hakuna bidhaa inayouza ujuzi huo.

Sasa nirudi kwa mtumiaji wa kawaida, ambaye hana seva wala muda. Kwake ningeanza na kuondoa. Fungua kivinjari, tazama viendelezi, soma ruhusa za kila kimoja. "Kusoma na kubadilisha data zako zote kwenye tovuti zote" maana yake ni hivyohivyo, ikiwemo tovuti ya benki. Kiendelezi cha The Great Suspender kilipendwa na mamilioni kwa kupunguza mzigo wa memori ya Chrome. Juni 2020 mwenyewe alikiuza kwa mnunuzi asiyejulikana, na Februari 2021 Google ikakiondoa kwa kuwa na programu hasidi. Hakuna mtumiaji aliyebofya chochote katika kipindi hicho. Masasisho yaliingia yenyewe kwa imani waliyompa mwenye awali. Ukibaki na kizuia matangazo chenye sifa, kama uBlock Origin kwenye kivinjari kinachokiruhusu, pamoja na kile cha kutunza nywila, kwa wengi inatosha. Antivairasi ya ziada juu ya Defender iliyokuja na Windows siioni haja yake kwa mtu wa nyumbani. Najua wauzaji hawatakubaliana nami.

Kizuia matangazo nimekitaja kwa sababu za kiusalama, si za kero. Wahalifu hununua matangazo kwenye injini za utafutaji yanayofanana na tovuti halisi za programu mashuhuri. KeePass, PuTTY na WinSCP zote zimewahi kughushiwa hivyo. Angalia walivyochagua: hizo ni zana za watu wenye nywila nyingi na seva nyingi. Msimamizi anayeandika "pakua putty" na kubofya tokeo la kwanza ndiye windo lenyewe. Kwenye Windows, kutumia `winget`, amri ya Windows ya kusakinisha programu, badala ya kutafuta kunapunguza sana hatari hiyo, na kwenye Linux hifadhi rasmi za programu zinafanya kazi hiyo tangu zamani. Kulinganisha alama ya SHA-256 nako kunasaidia, ila ukiichukua alama kwenye ukurasa uleule ulioghushiwa umejilinganisha na mwizi.

Nywila. Hapa ushauri wa zamani umeharibu mengi. Ule wa kubadilisha nywila kila siku 90 na kulazimisha herufi kubwa, tarakimu na alama ulizaa nywila za aina moja: neno, mwaka, alama ya mshangao. Mwaka 2017 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliutupa. Mwongozo wake unasema usimlazimishe mtu kubadilisha bila dalili ya kuvuja, na linganisha nywila mpya na orodha za zilizokwisha kuvuja. Huduma ya Have I Been Pwned ya Troy Hunt inafanya hilo kwa namna ya kupendeza: kompyuta yako hukokotoa alama ya SHA-1 ya nywila na kutuma herufi 5 za mwanzo tu, huduma hurudisha alama zote zinazoanza hivyo, na ulinganishaji unafanyika kwako. Haijui nywila yako ni ipi.

Programu ya kutunza nywila husifiwa kwa sababu inakumbuka. Faida yake kubwa zaidi huwa haitajwi: haidanganyiki kwa macho. Tovuti ya ulaghai inaweza kufanana na ya kweli kwa kila rangi na nembo, lakini anwani ikitofautiana kwa herufi moja programu haijazi kitu. Ukijikuta unanakili nywila kwa mkono kwa sababu "leo imegoma kujaza", simama usome anwani upya. Ni ipi uitumie? KeePassXC ukitaka faili likae kwako, Bitwarden ukitaka likufuate kwenye simu. Yaliyoipata LastPass, huduma ya kutunza nywila kwenye wingu, mwaka 2022 yanafaa kukumbukwa na kila anayetumia huduma za wingu. Wadukuzi walipitia kompyuta ya nyumbani ya mhandisi wake mmoja, wakaondoka na nakala za hazina za nywila za wateja. Nywila zilikuwa zimesimbwa, lakini anwani za tovuti hazikusimbwa. Kibaya zaidi, akaunti za miaka ya nyuma ziliachwa na mzunguko wa usimbaji wa 5,000 au chini ya hapo wakati mpya zilianzia 100,100. Nakala ikishaibwa, kinachobaki kati ya mwizi na nywila zako ni urefu wa nywila kuu na idadi ya mizunguko hiyo. Fungua mipangilio yako uitazame.

Kuhusu uthibitishaji wa hatua mbili sitasema mengi, uwashe. Msimbo wa ujumbe mfupi ni bora kuliko kutokuwa na kitu, wa programu ya simu ni bora kuliko huo, na funguo za usalama za FIDO, vifaa vidogo vya kuchomeka au kugusisha, ziko mbali mbele kwa sababu hufungamana na anwani halisi ya tovuti. Google ilisema mwaka 2018 kwamba tangu ilipowalazimisha wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 kuzitumia mwanzoni mwa 2017, hakuna akaunti ya kazi hata moja iliyothibitika kuibwa kwa ulaghai wa nywila. Linganisha na Uber, Septemba 2022: mdukuzi aliyekuwa na nywila ya mkandarasi alituma maombi ya kuidhinisha kwenye simu yake tena na tena hadi akakubali. Alipoingia, akakuta kwenye folda ya pamoja skripti ya PowerShell, lugha ya amri ya Windows, yenye nywila ya msimamizi wa mfumo unaotunza nywila nyingine zote. Kampuni ilikuwa imenunua bidhaa ghali ya kulinda funguo, kisha mtu akauandika ufunguo wake ndani ya skripti.

Tuje kwenye masasisho, ambako ushauri hugongana. Baada ya tukio la CrowdStrike nilisikia mafundi wakiapa kuzima masasisho ya kiotomatiki kabisa. Kosa kubwa. Microsoft ilitoa kiraka cha udhaifu uliotumiwa na WannaCry, programu ya kudai fidia, tarehe 14 Machi 2017. WannaCry ilianza kusambaa tarehe 12 Mei. Waliopigwa walikuwa na karibu miezi miwili. Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo, nayo ilipoteza data za watu wapatao milioni 147 mwaka huohuo kupitia udhaifu wa Apache Struts, programu ya kujengea tovuti, uliotolewa kiraka mwezi Machi, na kifaa chake cha kuchunguza trafiki hakikuona kitu kwa kuwa cheti chake kilikuwa kimeisha muda bila mtu kujua.

Msimamo wangu ni huu: kompyuta za watumiaji na vivinjari vijisasishe vyenyewe, seva zisasishwe kwa mafungu, chache kwanza, nyingine baada ya siku, si miezi. Udhaifu unaoonekana kwenye katalogi ya CISA, wakala wa Marekani wa usalama wa mitandao, ya udhaifu unaotumiwa na wahalifu hivi sasa, iliyoanza Novemba 2021, uruke foleni. Na ukinunua bidhaa inayojisasisha, muulize muuzaji kama ucheleweshaji unaouweka unahusu kila aina ya masasisho. Wateja wa CrowdStrike waliochagua kubaki toleo moja nyuma waliangushwa pamoja na wengine, kwa sababu mpangilio huo ulihusu programu yenyewe, na faili lile la maudhui lilipita njia nyingine.

Halafu kuna nakala rudufu, eneo ambalo kila mtu anajibu "tunazo" bila kusita. Tarehe 31 Januari 2017 GitLab, kampuni inayotunza msimbo wa waandishi wa programu, nao walikuwa nazo. Usiku ule mhandisi, akiwa amechoka kupambana na hifadhidata iliyozidiwa, alikusudia kufuta saraka tupu kwenye seva ya pili akaifuta kwenye seva kuu. Alipositisha amri, kati ya gigabaiti 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5. Wakageukia nakala. Zile za kila siku zilizopaswa kuwa kwenye hifadhi ya S3 ya Amazon hazikuwepo, kwani hifadhi ilikuwa tupu. Sababu: `pg_dump`, zana ya kunakili hifadhidata, ya toleo la 9.2 ilikuwa ikijaribu kunakili PostgreSQL ya 9.6 na kushindwa. Barua pepe za kuonya kwamba zoezi limeshindwa zilikuwa zikitumwa, ila zilikataliwa na seva ya barua kwa sababu za DMARC, utaratibu wa kuthibitisha mtumaji wa barua, hivyo hakuna aliyeziona. Picha za diski (nakala za hali yake kwa wakati fulani) za Azure, wingu la Microsoft, hazikuwashwa kwa seva za hifadhidata. Kilichowaokoa ni picha ambayo mhandisi huyohuyo alikuwa ameichukua kwa mkono saa 6 kabla, kwa kazi nyingine kabisa.

Nawaheshimu GitLab kwa kuyaeleza hayo hadharani, huku kazi ya urejeshaji ikionyeshwa moja kwa moja kwenye YouTube. Kampuni nyingi zingeandika "hitilafu ya kiufundi" na kunyamaza. Lakini tazama jinsi kila tabaka lilivyokufa kwa ukimya. Ufuatiliaji uliotegemea barua ya kushindwa haukuwa na njia ya kutofautisha "hakuna tatizo" na "barua haikufika". Ndiyo maana ni bora kufuatilia mafanikio: zoezi likikamilika litoe ishara, na ishara isipofika kwa saa 26, king'ora kilie. Huduma kama Healthchecks zinafanya hivyo kwa mstari mmoja wa `curl` mwishoni mwa skripti.

Kwa zana, restic na BorgBackup zote husimba data kabla haijaondoka kwenye mashine, hubana, na hazihifadhi kitu kilekile mara mbili. Linalosahaulika ni haki za kufuta. Programu za kudai fidia hazianzi kwa kufunga mafaili. Huanza kwa kuwinda nakala, na kwenye Windows amri ya `vssadmin delete shadows`, inayofuta nakala ambazo Windows hujiwekea, imekuwa kama sahihi yao. Kama seva yako inaweza kuandika kwenye hifadhi ya nakala na pia kufuta, aliyeiteka seva ana nakala zako pia. Borg na seva ya REST ya restic zina hali ya kuongeza tu, ambayo mteja huandika bila kuweza kufuta. Iwashe, na kazi ya kupogoa nakala za zamani ifanywe na mashine nyingine yenye ufunguo mwingine.

Kisha rejesha. Amri ya `restic check` inakuambia hifadhi haijaharibika. Haikuambii kama umesahau saraka ya `/etc`, yenye mipangilio ya mfumo, au kama nywila ya kufungulia hifadhi iko kwenye seva ileile iliyoungua. Hilo linajulikana kwa kuchukua mashine tupu, kuirejeshea kila kitu, na kuona kama huduma inawaka. Kampuni ya meli ya Maersk ilipopigwa na NotPetya, programu hasidi ya kuharibu data, Juni 2017, ilikuwa na nakala za seva nyingi, lakini seva za kidhibiti cha mtandao, zinazotunza utambulisho wa kila mtumiaji na kila kompyuta, zilikuwa zikinakiliana zenyewe kwa zenyewe na zote zilifutwa kwa pamoja. Ilisalia moja tu, katika ofisi yake ya Ghana, iliyokuwa nje ya mtandao kwa sababu umeme ulikatika. Kutoka hapo walisakinisha upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku kumi.

Kumbukumbu za matukio nazo zisibaki kwenye mashine iliyozizalisha pekee, maana mvamizi mwenye haki za juu huzifuta. Seva ndogo ya kuzipokea kwa `rsyslog`, programu ya Linux ya kusafirisha kumbukumbu, inatosha kuanzia. Si lazima ununue mfumo wa kuchambua matukio ambao hakuna mtu ofisini mwenye muda wa kuutazama.

Kama msimamizi ana saa moja tu wiki hii, asiitumie kusakinisha chochote. Avute orodha ya akaunti zote zinazoweza kuingia kutoka nje, apange kwa tarehe ya mara ya mwisho kutumika, na azime zile ambazo mwenyewe hajulikani au hayupo tena kazini. Mei 2021 wahalifu waliingia Colonial Pipeline, bomba kubwa la mafuta la Marekani, kwa akaunti ya VPN, njia ya kuingia mtandao wa kampuni kutoka nje, iliyokuwa haitumiki tena ila haijafungwa, isiyo na hatua ya pili, yenye nywila iliyokwisha kuvuja kwingine. Kampuni ililipa bitkoini 75, thamani ya dola milioni 4.4 wakati huo. Kwenye Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kutunza akaunti za ofisi, orodha hiyo hutolewa na `Search-ADAccount -AccountInactive -UsersOnly -TimeSpan 90.00:00:00`. Kwenye Linux anza na `lastlog`, kisha pitia faili la `authorized_keys` la kila mtumiaji, kwa sababu kufunga nywila ya mtu aliyeondoka hakuuondoi ufunguo wake wa SSH.